"Nitaongea haraka tu": dhana potofu kuhusu mada na mabango ya kongamano

Mara yangu ya kwanza kuwasilisha mada kwenye kongamano la kiufundi nilikuwa na slaidi 42 na dakika 15. Mwenyekiti wa kikao aliponyanyua kikaratasi cha "dakika 2", nilikuwa bado naeleza mitambo niliyotumia. Matokeo yenyewe, yaliyonipeleka pale, niliyapitisha mbiombio kama mtu anayehesabu noti. Tangu hapo nimekuwa mkusanyaji wa dhana potofu, nikianza na zangu.

Dhana: nikiongea haraka, slaidi zote zitaenea

Hazienei. Katika dakika 15, kama 3 huwa za maswali. Mzungumzaji mtulivu wa Kiingereza hutamka maneno 130 hivi kwa dakika. Kwa Kiswahili ni machache zaidi, maana neno moja kama "tulivyovipima" limebeba nusu ya sentensi. Jiulize kwanza: msikilizaji akitoka ukumbini na jambo moja tu, liwe lipi? Lisiloelekea huko likate, hata kama lilikugharimu miezi. Slaidi moja kwa dakika ni kipimo kizuri cha kuanzia, ingawa grafu nzito yaweza kudai dakika tatu peke yake.

Dhana: slaidi ibebe kila kitu, nisije nikasahau

Ukiogopa kusahau, shika karatasi mkononi. Hadhira haina haja ya kuiona. Mtu hawezi kusoma aya huku anakusikiliza ukisema maneno mengine.

Tena wingi wa maneno huficha lile zito. Januari 2003, chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kikiwa bado angani, wahandisi waliandaa slaidi kuhusu kipande cha povu gumu kilichogonga bawa lake wakati wa kuruka. Kichwa cha slaidi kilituliza moyo: data za majaribio, kilisema, zinaonyesha makadirio yana tahadhari. Mstari wa chini kabisa, kwa herufi ndogo, ulisema kipande hicho kilikadiriwa kuwa na inchi za ujazo 1,920, ilhali kilichojaribiwa kilikuwa na inchi za ujazo 3. Tarehe 1 Februari Columbia ilisambaratika ikirudi duniani na wanaanga wote 7 wakafariki. Ripoti ya tume ya uchunguzi iliichambua slaidi hiyo kama mfano wa mawasiliano mabovu. Si slaidi iliyotoboa bawa, lakini hebu fikiria kichwa chake kingesema: "Kipande ni kikubwa mara 640 kuliko tulichojaribu."

Ndiyo maana siandiki tena "Matokeo" juu ya slaidi. Naandika dai lenyewe: "Kubana data kumepunguza muda wa kujibu kutoka sekunde 9 hadi 2." Anayesinzia akiamka, atajua tuko wapi.

Dhana: bango ni makala iliyokuzwa ikabandikwa ukutani

Makala husomwa na aliyeketi. Bango la kuonyesha utafiti wako ukumbini husomwa na aliyesimama, ana kikombe mkononi na mabango mengine mengi mbele yake. Usipomnasa akiwa hatua chache, amepita.

Jaribio langu halina gharama. Bango la A0 lina milimita 841 kwa 1,189, yaani kila upande ni mara nne ya A4. Lichapishe kwenye A4, linyooshee mkono: hivyo ndivyo atakavyoliona mtu aliye kama mita mbili mbele yake. Herufi za pointi 24 hapo zimekuwa za pointi 6. Ukikunja uso kusoma, ongeza ukubwa na ufute maneno. Ukipunguza nafasi kati ya mistari unajidanganya. Na ukiwa pale, simama pembeni. Nimeona mabango mazuri yakizibwa na mgongo wa mwenyewe.

Dhana: asilimia 93 ya mawasiliano ni lugha ya mwili na sauti

Wakufunzi wanaipenda sana takwimu hii. Chimbuko lake ni tafiti za mwanasaikolojia Albert Mehrabian za mwaka 1967, zilizohusu tu hisia za kupenda au kutopenda pale maneno yanapopingana na sauti au sura. Jaribu kueleza jedwali la vipimo kwa ishara za mikono uone.

Dhana: nyekundu na kijani zinajieleza zenyewe

Kati ya wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, karibu 1 katika 12 hutatizika kuzitofautisha. Tumia pia nukta na vistari, au andika jina kando ya kila mstari wa grafu.

Dhana: slaidi ya mwisho ni "Asanteni, maswali?"

Asante itamke kwa mdomo. Hiyo ndiyo slaidi inayokaa ukutani muda mrefu kuliko zote, acha pale grafu yako kuu, ili anayeuliza aweze kunyoosha kidole na kusema, "Hapo, kwa nini imeshuka?"