Jibini si ndizi

Jumamosi iliyopita nilikuwa na meza yangu Dar es Salaam, jibini limepangwa, visu vimenolewa. Akaja mama mmoja, tukasalimiana vizuri tu, akanyanyua kipande cheupe, akakibonyeza kwa dole gumba, akakirudisha. "Mwanangu, hili bado bichi. Nipe lile la njano, lililoiva."

Nilimpa. Mama mzima hubishani naye mbele za watu. Ila lile "bichi" ni la maziwa ya mbuzi, lilikaa miezi tisa ghalani kwangu Njombe, nikiligeuza na kulifuta kila wiki kama mtoto mchanga. Lile "lililoiva" lilikuwa na wiki sita tu tangu nilitoe kwenye maji ya chumvi. Na huyo mama alikuwa mteja wa nne siku hiyo kuniambia hivyo. Wa nne!

Jibini si ndizi. Halianzi kijani likamalizia njano.

Unjano wa asili unatoka kwenye majani. Ng'ombe akila majani mabichi anakula na karotini, ile ile inayoipa karoti rangi yake. Sehemu anaigeuza kuwa vitamini A, inayobaki inakwenda kukaa kwenye mafuta ya maziwa. Kwenye glasi huioni, kwa sababu matone ya mafuta yamefunikwa na protini inayotawanya mwanga, kwa hiyo maziwa yanaonekana meupe. Ukishagandisha, ukakata mgando, wei, yale maji ya maziwa, ikatoka na ukakandamiza, mafuta yanakusanyika mahali pamoja na rangi inajitokeza. Ndiyo maana siagi ni njano kuliko maziwa yaliyoizaa. Ng'ombe wa Jersey wanatoa maziwa yenye mafuta mengi na rangi zaidi, Friesian kidogo.

Mbuzi sasa. Mbuzi anaigeuza karibu karotini yote kuwa vitamini A, ambayo haina rangi ya kuonekana. Mlishe majani ya Njombe nzima, jibini lake litabaki jeupe. Kondoo na nyati wa maziwa wako hivyo hivyo. Roquefort ya Ufaransa ni ya kondoo, na ukiondoa ile mishipa ya ukungu wa buluu, ni nyeupe. Mozzarella ya nyati kule Italia ni nyeupe kama sahani ya kauri. Nenda kawaambie wenyewe kwamba ni bichi.

Ni kweli kwamba jibini la ng'ombe likikaa linapoteza maji na rangi inakolea kidogo. Kidogo! Inakuwa kama majani makavu. Parmigiano-Reggiano, lile jibini gumu la Italia, haikubaliwi chini ya miezi 12, hairuhusiwi kutiwa rangi, na bado haifiki ule unjano unaoutafuta wewe dukani.

Ule unajua unatoka wapi? Kwenye mzingifuri. Ndiyo, ule mti wenye maganda yenye miiba laini na mbegu nyekundu zinazochafua vidole. Waingereza walianza mchezo huu zamani. Katika karne ya 17 walikuwapo watengenezaji waliogundua kwamba wakiengua krimu wanauza siagi pembeni, kisha wanatengeneza jibini kwa maziwa yaliyobaki. Tatizo, jibini hilo lilikuwa limepauka, na mnunuzi alikuwa amezoea kwamba unjano maana yake ng'ombe aliyeshiba majani. Wakatia zafarani, maua, juisi ya karoti, mwishowe mzingifuri. Yaani rangi mnayoiamini kuwa ushahidi wa ubora ilipendwa kwanza na watu waliokuwa wanaficha upungufu. Baadaye ikawa desturi, na leo Double Gloucester au Red Leicester bila rangi yake mteja wa huko haitambui. Cheddar yenyewe, kwao Somerset, kwa asili haikutiwa rangi.

Na mbegu hizo zinalimwa hapa jirani, Kwale, pwani ya Kenya, ambako wakulima wanauita biksa. Zinapanda meli kwenda ng'ambo, na baadhi yake, nadhani, zinaturudia zikiwa ndani ya plastiki kwenye friji la supamaketi, tunazinunua kwa bei ya ndege.

Sasa nikiri. Lile la njano alilonunua yule mama nililitia mzingifuri mwenyewe. Kuna mteja mkubwa anayelitaka hivyo, na mimi nina karo za kulipa. Matone machache kwenye maziwa kabla ya renneti, ile dawa ya kugandisha, basi.

Halafu kuna jambo linalonisumbua kweli. Mwaka fulani niligawa maziwa ya siku moja mapipa mawili, moja nikatia rangi, jingine nikaliacha. Kimea kimoja, yaani bakteria wale wale wa kuchachusha, chumvi moja, ghala moja. Baada ya miezi mitatu nikamwita shemeji na jirani waonje. Wote wakasema la njano lina siagi zaidi. Nikacheka, nikaonja mwenyewe, mimi niliyejua kila kitu, na nikalisikia lina siagi zaidi. Nikafunga macho kwa kanga ya mke wangu, wakanilisha vipande kwa zamu, nikashindwa kutofautisha hata kimoja. Sasa anayefurahia la njano zaidi amekosea nini, kama ulimi wake kweli umefurahi? Jibu sina.

Hata lile ninalowaambia wateja kila mara, kwamba jibini la miezi ya mvua lina ladha nzito kuliko la Agosti ng'ombe wakila nyasi kavu, siku hizi nalisema kwa sauti ndogo. Rangi inabadilika, hilo naliona kwa macho. Ladha nilikuwa na hakika nayo mpaka ile siku ya kanga.

Kwa hiyo ukitaka kujua jibini limeiva, liulize umri. Vunja kipande: changa linapinda kama mpira, kuukuu linapasuka, na mara nyingine utaona vichembe vyeupe vinavyokwaruza meno. Si chumvi ya mezani wala mchanga, mara nyingi ni asidi za amino, vipande vidogo vya protini, zilizoganda. Ukivikuta, umebahatika. Nusa, ukisubiri kidogo.

Na tafadhali litoeni kwenye friji saa nzima kabla ya kula. Hili nalisema mbio kwa sababu nimeshalisema mno: mafuta baridi hayana harufu, unakula mshumaa. Likate mbele ya wageni, si jikoni. Asali ya Tabora juu ya jibini la mbuzi, au papai lililoiva, au chapati ya moto na kipande kinachoanza kulainika juu yake. Kilo moja inakula kama lita kumi za maziwa, kwa hiyo kata nyembamba, kila mtu apate.

Jana yule mama amenipigia simu. Anasema lile la njano wajukuu wamelimaliza siku ile ile, anataka kilo mbili nyingine, "lililoiva kama lile." Nimemwambia atalipata. Nitamfungia na kipande cha mbuzi, kile kile alichokibonyeza, na karatasi ya maelezo sitaweka.