"Different": tofauti, mbalimbali au -ingine?

Gikomba, soko la mitumba Nairobi, asubuhi. Mteja amelishika shati la buluu, ameligeuza kola, hajaridhika. "Nipe different," anasema. Muuzaji anainama kwenye rundo na kuibuka na shati la buluu vilevile, ila hili lina mfuko kifuani. Si ni tofauti? Mteja anaguna. Alichotaka ni shati jingine.

Neno hilo moja la Kiingereza hubeba mzigo ambao sisi tumewagawia watatu. Ukilinganisha vitu, sema tofauti: shati hili ni tofauti na lile. Ukihesabu aina, sema mbalimbali: amenunua mashati ya rangi mbalimbali. Ukitaka kubadilishiwa, ni -ingine tu, kama yule mteja. Wengi tunatumbukiza "tofauti" kila mahali, ndiyo maana unasikia "nimeishi mitaa tofauti," na msikilizaji anabaki kujiuliza, tofauti na ipi?

Asili ya "different" ni Kilatini, differre: kubeba vitu na kuvitenga, kimoja huku, kingine kule. Mimi hunifurahisha kwamba Kiswahili nacho kiliona umbali huohuo, maana mbalimbali ni "mbali" iliyorudiwa. Tofauti tuliipokea kutoka Kiarabu.

Kwetu husemwa "tofauti na", yakaisha. Waingereza wana "different from" na pia "different to". Wamarekani hupenda "different than". Kwenye mtihani andika "from", inakubalika kote. Na jihadhari na "indifferent": si mtu asiye na tofauti, ni mtu asiyejali. Vilevile Mwingereza akionja mutura wako, ule utumbo uliojazwa nyama na damu, akasema, "Mmm, it's different," usikimbilie kumkatia kipande cha pili. Huenda ameshindwa na anaona haya kukwambia.

Nomino yake, "difference", ina maana ya ziada kwenye hesabu: ni kinachobaki ukitoa namba ndogo kwenye kubwa. Muuzaji wetu anataka 500, mteja amekwama kwa 300; hiyo "difference" ni 200. Waingereza wakisema "split the difference" wanamaanisha kila mmoja alegeze mia. Gikomba hakuna anayesema hivyo. "Leta mia nne tumalizane," muuzaji anasema, mkono wake tayari unatafuta karatasi ya kufungia.