Bhakti yoga, yoga isiyohitaji mkeka

Nikisema tu nafundisha dini za India na kwamba eneo langu hasa ni bhakti yoga, swali la kwanza ni kama naweza kukunja miguu nikae kama lile sanamu la Buddha. Siwezi, magoti yaligoma zamani, na wala hayahusiki. Bhakti ni yoga ya mapenzi kwa Mungu: mtu anamshika Krishna, au Rama, au Shiva, au Devi, anamtaja, anamwimbia, anamhudumia mpaka maisha yake yote yanaelekea huko. Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, imeipa sura nzima, ya 12, beti 20 tu, na kwenye sura ya 9 Krishna anasema ukimtolea jani, ua, tunda au maji kwa mapenzi anapokea. Sasa hebu weka hilo pembeni ya kafara za Veda, maandiko ya kale kabisa ya Kihindu, zilizotaka makuhani, samli, moto na Kisanskriti cha kukariri.

Ila ukisikia mapenzi usidhani ni mambo ya kujisikia, leo naimba kesho nalala. Hapana bwana, ina ratiba na ina jasho. Waangalie Wavarkari wa Maharashtra, jimbo la magharibi mwa India, watu wa Vithoba, mungu wa mji wa Pandharpur. Kila mwaka, Juni au Julai, wanatembea kwa miguu, wengine wanatoka Alandi alikozikwa mtakatifu Dnyaneshwar, wengine Dehu kwa mtakatifu Tukaram, zote ziko karibu na jiji la Pune, zaidi ya kilomita 200, wiki tatu hivi, mvua za monsuni zinawanyeshea njia nzima na lazima wafike siku ya Ashadhi Ekadashi, sikukuu ya Vithoba. Kuna machela ya kubebea ndara za mtakatifu, kuna vikundi na ngoma na matoazi, tungo zinaimbwa kutwa, wanawake wamejitwika mmea wa tulsi kichwani, huyo ni ndugu yake mrehani wetu. Anayevaa shanga za tulsi ameshaapa: nyama basi, pombe basi, na kufunga mara mbili kwa mwezi.

Kitu ninachokipenda zaidi ni salamu yao. India kwa kawaida mdogo ndiye anayeinama kugusa miguu ya mkubwa. Wavarkari wakikutana wanainamiana wote wawili, babu kwa kijana na kijana kwa babu, hapo hapo barabarani kwenye tope.

Vithoba mwenyewe ni sanamu la jiwe jeusi, mikono kiunoni, amesimama juu ya tofali. Wanasimulia kwamba alimfuata kijana Pundalik nyumbani, akamkuta anawahudumia wazazi wake, Pundalik akamrushia tofali, simama hapo kwanza namalizia, na Mungu akasimama, mpaka leo yupo!

Na waimbaji wake sasa. Dnyaneshwar, mtoto wa Kibrahmani, tabaka la makuhani, ambaye familia yake ilitengwa, mwaka 1290 aliifafanua Gita kwa Kimarathi ili watu wa kawaida waelewe. Namdev fundi cherehani, Tukaram muuza duka, Janabai mtumishi wa ndani ambaye tungo zake zinamleta Vithoba jikoni amsaidie kusaga nafaka. Halafu yupo Chokhamela wa karne ya 14, Mmahar, yaani mtu wa tabaka lililoitwa najisi, huyu hekaluni hakuruhusiwa kuingia, alimwimbia Vithoba akiwa nje na kaburi lake liko hapo hapo nje mbele ya mlango.

Hapa ndipo nagombana na wenzangu wanaoandika kwamba bhakti ilivunja matabaka. Ilivunja nini? Nyimbo za Chokhamela ziliimbwa karne na karne na watu walewale waliowazuia ndugu zake mlangoni, wanalia machozi kabisa, na mlango umefungwa. Ni mwaka 1947 ndipo hekalu lilifunguliwa kwa wote, baada ya mwanaharakati Sane Guruji kufunga kula kushinikiza. Naikubali nguvu ya bhakti, ilimpa mtumishi na fundi sauti ambayo makuhani hawakuweza kuinyamazisha, ila tusiipe sifa ya kazi iliyofanywa na mgomo wa kula. B. R. Ambedkar, mwanasheria aliyewatetea watu walioitwa najisi, naye Mmahar, mwaka 1948 alikitabaruku kitabu chake kwa Chokhamela na watakatifu wengine wawili waliozaliwa katika matabaka yaliyoitwa najisi, halafu mwaka 1956 kule Nagpur akautoka Uhindu akaingia Ubuddha, na watu mamia ya maelfu wakamfuata.