Je, wajua kwa nini miungu ya Kihindu huinua kiganja cha kulia?

Itazame sanamu ya Shiva anayecheza, Nataraja, kama zile za shaba zilizotengenezwa na mafundi wa Kitamil enzi za wafalme wa Chola, karne ya 10 hadi ya 13. Ina mikono minne. Wa nyuma wa kulia umeshika ngoma ndogo, wa nyuma wa kushoto umebeba ndimi za moto. Wa mbele wa kushoto umekatiza kifuani, umelegea mithili ya mkonga wa tembo, ukiuelekea mguu ulionyanyuliwa. Unabaki wa mbele wa kulia. Huo haukushika chochote: kiganja kimemwelekea anayetazama, vidole vimesimama wima. Ishara hiyo inasema neno moja tu, usiogope.

Jina lake ni abhaya. Kwa Kisanskriti bhaya ni hofu, na ile a- ya mwanzo inakanusha. Wageni wengi hudhani mungu anawasalimu au anawazuia wasikaribie, na maana halisi ni kinyume kabisa cha kuzuia. Wengine huichanganya na ishara jirani yake, varada, ambayo kiganja nacho kiko wazi lakini vidole vinaelekea chini: huo ni mkono wa kutoa. Mara nyingi ishara hizi mbili huwa pamoja kwenye sanamu moja. Hata Kali, mungu wa kike wa kutisha, ambaye mikono yake miwili ya kushoto imeshika upanga na kichwa kilichokatwa, kwa kawaida mikono yake ya kulia huonyeshwa ikiondoa hofu na kutoa. Anayeishia kwenye upanga amesoma nusu ya sanamu.

Lakini kwa nini kuondolewa hofu kuhesabiwe kuwa huruma? Mtu angetarajia mungu mwenye huruma atoe chakula, afya au watoto kwanza. Jibu linaanzia mbali, katika Upanishadi, maandiko ya kale ya Kihindu kuhusu nafsi na ulimwengu, hasa ile ya Brihadaranyaka, mojawapo ya zile kongwe kabisa. Inasimulia kwamba hapo mwanzo palikuwa na Nafsi moja tu, nayo ikaogopa kwa kuwa peke yake. Kisha ikajiuliza: ikiwa hakuna mwingine ila mimi, namwogopa nani? Hofu ikaiondoka, kwa maana, andiko linasema, hofu hutokana na wa pili. Upanishadi ya Isha inaongeza kwamba anayeviona viumbe vyote ndani ya nafsi yake, na nafsi yake ndani ya viumbe vyote, hamkimbii yeyote tena kwa chuki.

Hapo ndipo fundo lilipo. Ninachokiogopa ni yule niliyemtenga nami, na ninayeweza kumtesa ni huyohuyo. Hofu na ukatili vina mzizi mmoja, basi huruma na kutoogopa navyo huota pamoja. Lugha yenyewe inalijua hilo: mojawapo ya maneno ya Kisanskriti ya huruma ni anukampa, ambalo kwa asili yake ni kutetemeka kwa kufuatana na mwingine. Mwoga anatetemeka kwa ajili yake mwenyewe, mwenye huruma anatetemeka kwa mtetemo wa mwenzake.

Wazo hili halikubaki vitabuni. Mtu anayeuaga ulimwengu na kuwa mtawa, sannyasi, hujaza maji viganjani na kuyamwaga akitamka kwamba viumbe vyote visipate hofu kutoka kwake. Sheria za Manu, kitabu cha kale cha sheria na maadili ya Kihindu, katika sura ya 6, zinaeleza namna ya kuishi ahadi hiyo: atazame chini kabla ya kuweka unyayo, na ayachuje maji kwa kitambaa kabla ya kunywa. Msimu wa mvua, ardhi inapojaa wadudu na machipukizi, desturi inamtaka atulie mahali pamoja asije akavikanyaga. Sura hiyohiyo inaeleza faida yake: ambaye kwake viumbe hawapati hofu hata kidogo, naye hatakuwa na hofu kutoka popote. Mpangilio huo ni muhimu sana. Unatoa kwanza, ndipo unapata.

Bhagavad Gita, andiko ambamo mungu Krishna anamfundisha shujaa Arjuna, inalishika jambo hilo pande zote mbili. Katika sura ya 12 Krishna anamtaja mja anayempenda: hachukii kiumbe chochote, ni rafiki, ana huruma; ulimwengu hausumbuki kwa ajili yake, wala yeye hasumbuki kwa ajili ya ulimwengu. Sura ya 16 inapoorodhesha sifa za kimungu, inayotangulia zote ni abhaya, na huruma kwa viumbe inafuata katika aya ya pili.

Ramayana ya Valmiki, utenzi wa kale kuhusu mwanamfalme Rama, nayo inatoa kesi ngumu. Vibhishana, ndugu wa adui Ravana, anavuka bahari na kuomba hifadhi katika kambi ya Rama. Sugriva, mfalme wa nyani na mshirika wa Rama, anasema ni jasusi, auawe. Hanuman, nyani mtumishi wa Rama, anamtetea. Rama anajibu kwamba yeyote anayemjia hata mara moja tu na kusema "mimi ni wako", anampa usalama dhidi ya viumbe vyote, na kwamba hiyo ni nadhiri yake. Kisha anamwambia Sugriva amlete, hata kama ni Ravana mwenyewe.

Wavaishnava wa kusini mwa India, wanaomwabudu mungu Vishnu na kumwona Rama kuwa umbo lake, wameyachambua maneno hayo kwa karne nyingi. Mwanateolojia wao Vedanta Desika (1268–1369) aliyaandikia kitabu kizima. Kwao kukimbilia kwa Mungu kuna sehemu sita: kunuia yanayompendeza, kuacha yanayomchukiza, kuamini kwamba atalinda, kumwomba awe mlinzi, kujikabidhi, na kukiri kwamba huna uwezo. Madhehebu yao mawili hayakubaliani kuhusu mchango wa mja. La kaskazini husema ni kama mtoto wa nyani, ambaye lazima amshike mama yake. La kusini husema ni kama mtoto wa paka, ambaye mama humbeba kwa meno.

Kosa linalofanyika mara nyingi ni kudhani abhaya ni ujasiri, au kinga ya kutoguswa na baya lolote. Hadithi ya Prahlada, katika kitabu cha 7 cha Bhagavata Purana, mkusanyo wa kale wa visa vya Vishnu, inalisahihisha vizuri kuliko maelezo yoyote. Baba yake, mfalme wa mapepo Hiranyakashipu, alitafuta usalama kwa kufunga kila mlango. Alijipatia ahadi kwamba hatauawa na mtu wala mnyama, ndani wala nje, mchana wala usiku, ardhini wala angani, wala kwa silaha. Akawa hofu ya ulimwengu mzima, na bado alimwogopa mwanawe mdogo aliyempenda Vishnu. Alimtupia nyoka, tembo, sumu na moto. Prahlada hakuepushwa na hayo, aliyapitia.

Hatimaye Vishnu akatokea kama Narasimha, nusu mtu nusu simba, akamuua mfalme kwa kucha, kizingitini, wakati wa machweo, akiwa amemlaza mapajani. Hasira yake haikupoa. Miungu Brahma na Shiva walisimama mbali, na hata Lakshmi, mke wa Vishnu, aliogopa kumkaribia. Wakamtuma mtoto. Prahlada akaenda polepole, akasujudu, na Narasimha akamwekea kichwani ule mkono unaowaondolea hofu wanaotishwa na nyoka aitwaye wakati.

Mtoto akasema haogopi mdomo ule wa kutisha, ulimi, wala meno. Anachoogopa ni gurudumu la kuzaliwa na kufa. Akaongeza kwamba watakatifu wengi hujitenga msituni wakitafuta wokovu wao wenyewe, lakini yeye hataki kuokoka peke yake na kuwaacha hawa wanyonge nyuma. Alipoambiwa achague zawadi, aliomba tamaa isiote moyoni mwake. Kisha akamwombea baba yake, yule aliyejaribu kumuua mara nyingi, asafishwe dhambi. Narasimha akamjibu kwamba baba ameshatakaswa, pamoja na vizazi 21 vya wahenga wake, halafu akamwagiza aende akamfanyie mazishi.