Je, wajua ndege huhesabiwa imefika saa ngapi?

Magurudumu yameshagusa lami, simu zinaanza kulia, na mhudumu anawakaribisha abiria kwa kipaza sauti. Kwa sheria ya Ulaya, ndege hiyo bado haijafika.

Suala hili lilifikishwa Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya. Mei 2012 abiria mmoja alisafiri kutoka Salzburg, Austria, kwenda Köln, Ujerumani. Ndege ilipaswa kufika saa 8:40 mchana. Ilitua saa 11:38 jioni, yaani imechelewa saa 2 na dakika 58. Ikatambaa hadi sehemu ya kuegesha, ikasimama saa 11:43, na mlango ukafunguliwa muda mfupi baadaye. Fidia hudaiwa ucheleweshaji ukifika saa 3, kwa hiyo euro 250 zilitegemea dakika hizo chache. Shirika lilishikilia kwamba kutua ndiko kufika. Mwaka 2014 majaji walikataa: ndege imefika pale angalau mlango mmoja unapofunguliwa na abiria wakawa huru kutoka. Walieleza kwamba mtu aliye ndani ya ndege hawezi kushughulikia mambo yake, ya kazi wala ya familia, mpaka aruhusiwe kushuka. Nauona ni uamuzi wa haki kabisa, kwa sababu umepima safari kwa maisha ya abiria.

Kanuni inayohusika ni namba 261 ya mwaka 2004. Fidia ni euro 250, 400 au 600 kulingana na umbali. Safari ndefu zaidi ikichelewa chini ya saa 4, ile 600 inaweza kukatwa nusu. Hali mbaya ya hewa au ndege kugongwa na ndege wa angani huliondolea shirika fidia, lakini hitilafu ya kawaida ya mitambo haiondoi. Hata pale fidia inapokosekana, abiria anayesubiri muda mrefu anastahili chakula, na hoteli ikibidi alale.

Linaloniuma ni upande wa safari. Ukipanda ndege ndani ya Umoja wa Ulaya, kanuni inakulinda, shirika liwe la nchi yoyote. Ukitoka nje kwenda huko, inakulinda tu kama shirika linaloirusha ndege ni la Umoja huo. Basi katika njia ileile, kwa shirika lilelile la nje, anayeondoka Paris ana dai, na anayekwenda Paris hana.

Huyo wa pili hubaki na Mkataba wa Montreal wa 1999, unaotumika katika nchi nyingi duniani. Mkataba huo haupangi kiasi cha kulipa kila aliyechelewa. Unalipwa hasara uliyoithibitisha, na shirika likionyesha kwamba lilichukua kila hatua ya busara kuizuia, halidaiwi. Ndiyo maana risiti ya chumba, ya chakula na ya tiketi mpya ya kuunganisha safari ni mali. Tunza pia pasi ya kupandia, muulize mhudumu sababu ya kuchelewa, na mlango ukifunguliwa tazama saa uandike. Kesi chini ya mkataba huo hufunguliwa ndani ya miaka 2.