Kuskani si kuhifadhi

Juzi kijana mmoja kazini aliniambia kwa fahari kwamba picha za chumba chetu cha kompyuta cha zamani "zimehifadhiwa zote". Ziko wapi? Ameziskani, ziko kwenye fleshi. Na zile za karatasi? Zilichomwa pamoja na maboksi yake.

Kuhifadhi ni kukilinda kitu kisipotee wala kisiharibike, kikiwa na habari zake. Maana ni hiyo tu, na watu wengi wanaijua isipokuwa maneno manne ya mwisho.

Neno lenyewe limetoka kwenye Kiarabu na ndugu zake tunao humu humu: hifadhi ya wanyama, mhafidhina asiyetaka mambo yabadilike, na hafidh, yule aliyeiweka Qurani yote moyoni. Huyu wa mwisho ndiye mwalimu wangu katika jambo hili. Mwenye msahafu kabatini hatumwiti hafidh. Na hata aliyekwisha kuhitimu hukaa akirudia, juzuu baada ya juzuu, maana akiacha aya zinamponyoka. Katika asili yake, basi, kuhifadhi ni kazi isiyokwisha. Kisha zikaja programu za kompyuta zenye kitufe kilichoandikwa "Hifadhi", tukabofya mara moja, tukaenda kunywa chai.

Sasa habari zake. Mwaka 1946 Marekani ilionyesha ENIAC, kompyuta ya valvu (taa za kioo za elektroniki) karibu 18,000 iliyojengwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Picha zilipigwa nyingi, na hazikupotea. Katika mojawapo wanawake wawili wamesimama kwenye paneli za mashine, nyaya zimejaa. Miaka ya 1980 mwanafunzi aitwaye Kathy Kleiman aliuliza hao ni akina nani, akajibiwa kuwa ni wanamitindo walioletwa kuipamba mashine. Kumbe ni Betty Jean Jennings na Frances Bilas, wawili kati ya wanawake sita walioiandalia ENIAC programu zake! Karatasi ilikuwepo, sura zilikuwepo, majina hayakuwepo. Mimi picha hiyo nasema ilikuwa imewekwa tu. Ilianza kuhifadhiwa siku Kleiman alipowatafuta wenyewe wakiwa bado hai.

Upande wa pili kuna nondo, yule mdudu anayefanana na kipepeo. Septemba 1947 mafundi wa kompyuta ya Harvard Mark II walimkuta amenasa ndani ya mashine, wakambandika kwa utepe kwenye daftari la kazi. Daftari liko kwenye makumbusho ya Smithsonian mjini Washington, na nondo yumo. Ukiuskani ule ukurasa utapata picha ya nondo, safi kabisa, ya kumtumia mtu yeyote duniani. Lakini utepe uliogeuka rangi, unene wa karatasi, na mdudu mwenyewe, vyote vimebaki kule kule Washington.

Simkatazi mtu kuskani. Mimi mwenyewe naskani kila wiki. Ila hiyo iite kunakili, kwa sababu ndivyo ilivyo. Na kijana wetu, kwa kuwa maboksi hayarudi, bado ana nafasi: wazee wawili watatu wa chumba kile wapo, namba zao tunazo. Awapelekee hiyo fleshi, awaulize yule mwenye tai aliyesimama kushoto ni nani, na ile mashine nyuma yake ilikuwa ikifanya kazi gani.