Kijiji kikigeuka mtaa

Mkazi wa Mwanza akiulizwa anakaa mtaa gani, hutaja sehemu tu: karibu na soko fulani, au juu kule kwenye mawe. Kisheria, mtaa ni ngazi ya chini kabisa ya serikali mjini. Una mwenyekiti, na huyo huchaguliwa siku ileile anayochaguliwa mwenyekiti wa kijiji. Mara ya mwisho ilikuwa Novemba 2024. Basi wengi hudhani kijiji na mtaa vimetofautiana jina tu. Sivyo.

Kijiji kinaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa, hata kutunga sheria ndogo. Kubwa zaidi, kina ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa halmashauri ya kijiji kazi ya kuisimamia, lakini haimgawii mtu eneo mpaka mkutano mkuu uridhie. Na mkutano huo ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18: mwenye ng'ombe mia na asiye na hata kuku.

Eneo likishaingia mjini, mamlaka hayo hayashukii mtaani. Yanapanda kwenye halmashauri ya jiji au manispaa, kwa maofisa ardhi na mipango miji. Mikutano ya mtaa huendelea, watu wakajadili usafi na ulinzi, ila ardhi haigawiwi pale. Mwenyekiti wa mtaa anayegonga muhuri kwenye karatasi ya mauziano ni shahidi tu. Anayenunua kiwanja Buhongwa au Buswelu, pembezoni mwa Mwanza, alishike hili kabla hajatoa hela, maana muhuri ule si hati.

Mwanza ilipata hadhi ya jiji mwaka 2000, na 2012 Ilemela ikatengwa nayo ikawa manispaa. Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022, Nyamagana na Ilemela, wilaya mbili za mji huu, kwa pamoja zilitoka watu kama laki 7 hadi zaidi ya milioni 1. Watu hao wamepanda vilima na kusambaa mashambani. Palipokuwa na mihogo pana bikoni, alama za mipaka ya viwanja.

Mjini kuna faida zake: hati miliki ya miaka 33, 66 au 99, na ramani inayoonyesha barabara itapita wapi. Lakini malisho, kisima na uwanja wa mikutano vilikuwa vya wanakijiji wote. Kwa maoni yangu, mkutano mkuu wa mwisho wa kijiji usifungwe kabla watu hawajajibiwa vitaandikwa kwa jina la nani.